Pampu Ndani ya Koti

"Hilo koti huendi nalo," Mama Bosi alisema.

"Naenda nalo."

"Baba Bosi, tunakwenda kulala hoteli. Hoteli ya ghorofa! Koti lenyewe linanuka lindo."

"Na mjini kukipiga baridi, utanifunika na nini?"

Mama Bosi aliinua macho kwenye dari akayarudisha chini, na kwa mwanamke yule hiyo ilikuwa na maana kwamba amekubali shingo upande. Walikuwa wamesimama mlangoni kwa mama yake mzazi, begi moja chini, basi likiwa linaondoka baada ya nusu saa. Ndani, kwenye mapaja ya bibi yake, mtoto wao wa miaka mitatu na nusu alikuwa anakula biskuti kwa utulivu mkubwa. Walimwita Bosi kwa sababu tangu hajaweza kusema alikuwa anakaa tu, ananyoosha kidole, na watu wazima wanahangaika.

"Hata halii," Mama Bosi alinong'ona.

"Ulitaka alie?"

"Kidogo tu. Kwa adabu."

Bibi mtu aliwasikia. "Nimelea sita," alisema bila kugeuza shingo, "na hakuna aliyenishinda. Huyu atanishinda kwa usiku mmoja? Nendeni, kabla sijabadili mawazo."

Mama mkwe huyu hakuwahi kuwa na neno baya na Baba Bosi. Tatizo ni kwamba hakuwa na neno zuri naye pia. Miaka mitano sasa alimwita "wewe", akimpa chakula alisema "wewe kula", akimuaga alisema "wewe nenda". Baba Bosi alishazoea. Alimkabidhi begi dogo la nguo za mtoto, maziwa, na mwanasesere asiye na kichwa ambaye Bosi halali bila yeye. Mama Bosi naye akakabidhi maneno: akiamka usiku apewe maji ya vuguvugu, dirisha lisifunguliwe, vumbi la ule mtaro wanaochimba barabarani lisimfikie, kifua chake mama unakijua. Bibi akaitikia "ndiyo, ndiyo" kama mtu anayefukuza kuku. Kisha wakaondoka haraka, kila mmoja akiamini mwenzake amemaliza kila kitu.

Safari yenyewe hawakuitafuta. Kiwanda cha mikate anakofanya kazi Mama Bosi kilichezesha bahati nasibu ya wafanyakazi. Zawadi ya kwanza ilikuwa jiko la gesi, ya pili ilikuwa karatasi iliyoandikwa usiku mmoja, watu wawili, chai ya asubuhi. Mama Bosi alipata karatasi, akalia, na wenzake wakadhani ni machozi ya furaha. Alikuwa analililia jiko. Lakini karatasi ilikuwa inaisha muda mwisho wa mwezi, na kitu cha bure kuozea kabatini ni jambo ambalo yeye hawezi kulivumilia.

*

Hoteli ilikuwa na mlango wa kioo unaojifungua wenyewe. Baba Bosi aliupisha kwanza, akauangalia vizuri, ndipo akapita. Mapokezi alikaa mwanamume wa makamo mwenye tai, aliyemtazama kuanzia viatu mpaka kola ya lile koti, akaachia tabasamu la kazi.

"Umechelewa, kaka. Walinzi wapya wanapitia mlango wa nyuma. Msimamizi anakungoja tangu saa kumi."

Na unajua kilichomuuma Baba Bosi ni nini? Siyo maneno. Ni kwamba miguu yake ilikuwa imeshageuka. Hatua mbili nzima alikuwa amepiga kuelekea mlango wa nyuma, mtiifu kabisa, kabla mkewe hajamshika mkono.

"Huyu ni mgeni wako," Mama Bosi alisema, akaiweka karatasi yake mezani na kuipiga kofi. "Chumba cha watu wawili."

Mpokea wageni aliisoma karatasi, akaona haya. "Samahani sana, mama. Samahani, mzee. Chumba namba mia nne na sita. Ila, kwa karatasi hii, chakula cha usiku hakimo."

"Kwani nimekuuliza chakula?"

Ndani ya lifti walisimama kimya wakitazama namba zinavyopanda. Baba Bosi alisubiri aambiwe "nilikwambia". Lakini Mama Bosi alianza kutikisika mabega, kwanza kidogo, halafu ikawa kicheko kamili, akamwegemea huku machozi yakimtoka.

"Ulikuwa unakwenda kweli!"

"Aliniita kwa sauti ya msimamizi."

"Siku moja watakuita kaburini kwa sauti hiyo hiyo, utakwenda."

Mlango wa lifti ulipofunguka bado walikuwa wanacheka, na Baba Bosi akafikiri kwamba amesahau kabisa kicheko cha mkewe kinavyokuwa kirefu. Alikuwa anamsikia mwanamke huyu dakika ishirini kwa siku. Yeye analinda ghala la saruji, jioni hadi asubuhi. Mkewe anakanda unga, asubuhi hadi jioni. Siku zake za mapumziko Baba Bosi aliziuza kwa kampuni nyingine inayohitaji mlinzi wa akiba. Walikutana mlangoni tu, mmoja anaingia, mwingine anatoka, wakipeana habari za mtoto: kala, kalala, kakohoa mara mbili, haya baadaye.

*

Kitanda kilikuwa kikubwa kuliko sebule yao. Mama Bosi alivua viatu, akajilaza juu ya shuka jeupe kwa tahadhari kama anaogopa kulichafua.

"Ngoja ninyooshe mgongo dakika tano. Halafu twende tukale. Nataka mezani penye kitambaa."

"Dakika tano," Baba Bosi alisema.

Dakika ya pili alikuwa anakoroma. Saa mbili usiku haijafika, mwili wake umeshafunga duka, kwa sababu saa kumi alfajiri ndiyo huamka kila siku ya Mungu. Baba Bosi alimfunika, akatabasamu peke yake. Yeye macho yalikuwa makavu. Mwili wake nao ulijua saa, ila saa yake ilikuwa ya kuingia kazini. Alivuta kiti, akakiweka kuelekea mlango, akakaa, akatia mikono mfukoni.

Mkono wa kulia ukagusa kitu kigumu.

Hakuhitaji kukitoa ili ajue ni nini. Alikitoa hata hivyo. Ilikuwa pampu ya pumu ya Bosi, ile ya buluu, ya kuvuta kwa mdomo.

Pampu ile ilikuwa na sheria yake nyumbani kwao: aliye zamu na mtoto ndiye anayeibeba. Asubuhi Mama Bosi anaitoa kwenye mfuko wa gauni anamtia mkononi, jioni yeye anaitoa kwenye koti anamrudishia. Miaka miwili haijawahi kukosea, kwa sababu kila siku kuna mmoja anayetoka na mmoja anayeingia. Leo walitoka wote wawili kwa mpigo. Mama Bosi aliona ni zamu ya mume, basi mume ameshaikabidhi. Mume aliona wamekabidhi mtoto, maziwa, na mwanasesere asiye na kichwa, basi wamekabidhi vyote.

Mwezi uliopita tu Bosi alilazwa siku mbili, kifua kimembana hadi kucha zinabadilika rangi. Na sasa kuna ule mtaro, na vumbi lake.

Alipiga simu ya mama mkwe. Haipatikani. Akapiga tena, akijua ni kazi bure. Mama yule huzima simu ikishapita taarifa ya habari, akisema simu nayo ni kitu, inahitaji kulala. Basi la kurudi hakuna mpaka alfajiri, na mwendo ni saa tano. Namba za majirani hana hata moja. Atazipata wapi, mtu anayelala mchana?

Alimwangalia mkewe. Alinyoosha mkono amwamshe, akaurudisha. Kwao tatizo la zamu yako ni lako, mwenzako analisikia mlangoni likiwa limeshakwisha. Akachukua viatu mkononi, akatoka kimya kimya, akashuka ngazi.

*

"Kama unanipigia kunikagua, nakata," ilisema sauti upande wa pili. Ilikuwa ya Mzee Filimbi, mlinzi mstaafu aliyemshikia lindo usiku ule ghalani.

"Mzee wangu, nimeua."

"Umeua nani?"

"Nimekuja na pampu ya mtoto mjini. Mtoto yuko kwa bibi yake. Simu ya bibi imezimwa."

Filimbi hakupoteza muda kumpa pole. "Duka la dawa linafungwa saa tatu. Una dakika arobaini. Dada wa pale anamjua mtoto?"

"Anamjua, dawa anachukulia pale. Tuma pikipiki, mzee, nitalipa."

"Pikipiki ipite wapi? Barabara yote imechimbwa, hata mbuzi anaomba njia. Na mimi getini siondoki, unajua. Msimamizi akipita na tochi yake akanikosa, kesho wote wawili hatuna kazi."

"Najua, mzee."

Baba Bosi alisikia mzee anapumua, anafikiri. Halafu Filimbi akaanza kusema polepole. "Duka la dawa analinda Mrefu. Kutoka kwake mpaka geti la shule, bado analiona duka lake. Shuleni yupo Mama Rungu. Mama Rungu mpaka kwangu, analiona geti la shule. Mimi mpaka kituo cha mafuta, ghala naliona. Kituo cha mafuta yuko yule mwenye redio. Kutoka pale mpaka kwa mama mkwe wako?"

"Nyumba ya tatu. Mlango wa bati, umepakwa rangi ya kijani."

"Basi hakuna mtu atakayeacha lindo. Nipe namba ya dada wa dawa na..."

Simu ikakatika. Salio limekwisha.

Baba Bosi alisimama pale mapokezi na soksi zake, viatu mkononi. Mpokea wageni alikuwa anamtazama. Kulikuwa na watu wawili tu duniani ambao Baba Bosi asingependa kuwaomba kitu usiku ule, mmoja mama mkwe, na wa pili huyu mwenye tai. Akajikaza kisabuni.

"Ndugu yangu, naomba simu yako. Mtoto wangu ana pumu."

Alitegemea swali. Hakuulizwa. Mwenye tai aliichomoa simu kwenye chaja, akaifungua, akampa kwa mikono miwili. "Wa kwangu pia anayo," alisema. "Piga mpaka uchoke."

Dada wa duka la dawa alikuwa ameshashika kufuli. Alisema pampu ipo, lakini boksi haliwezi kutoka bila pesa, tajiri wake anahesabu kila asubuhi. Baba Bosi akatuma pesa yote waliyokuwa wameitunza kwa ajili ya ile meza yenye kitambaa. Kisha akampigia Filimbi tena, awaambie walinzi wenzake na awape namba hii ya hotelini.

*

"Unafanya nini huku chini?"

Mama Bosi alikuwa amesimama kwenye ngazi, miguu mitupu, alama ya mto shavuni. Aliiona ile pampu ya buluu mkononi mwa mumewe, akafika pale kwa hatua tatu.

"Hiyo inafanya nini hapa? Baba Bosi! Inafanya nini hapa?"

Akamweleza yote, harakaharaka, Mrefu na Mama Rungu na mtaro. Mama Bosi alikaa kwenye benchi la wageni.

"Na mimi ulitaka uniambie lini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi!"

"Ikiwa imeshakwisha. Ulale. Nilitaka ulale tu, mama."

Mama Bosi aliichukua pampu mkononi mwake. Aliposema, alisema kwa sauti ndogo. "Mwezi uliopita alipozidiwa, ulijua saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Nilikuta mlango umefungwa, jirani akaniambia mko hospitali."

"Na mimi usiku ule nilikuwa na nani?"

"Peke yako."

"Peke yangu. Nilimbeba mgongoni, nikawa naongea na wewe njia nzima kama mwendawazimu. Nakwambia shika begi, nakwambia simamisha gari. Haupo." Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Leo upo. Halafu unavua viatu unanitoroka, ukaogope peke yako huku chini. Usinifanyie hivyo. Naogopa, nataka niogope na wewe."

Kazi yote ya Baba Bosi ilikuwa kukaa macho ili wengine walale, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angependa kuamshwa. Alikaa kando yake, akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, nao ukamshika kwa nguvu. Mwenye tai alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Simu ikaanza kuita, na kila ikiita waliruka wote. Mrefu: ameshaipokea, anatembea. Mama Rungu: ninayo, nimeifunga kwenye kitambaa cha kichwani isipigwe vumbi. Filimbi: imefika, imetoka, mwenye redio amezima redio kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Halafu dakika kumi za kimya. Mama Bosi alizihesabu kwa midomo.

Ikaita. Alikuwa mwenye redio, na nyuma yake kulikuwa na kishindo cha bati linalogongwa.

"Mama yenu hafungui! Anasema nikigonga tena ananimwagia maji ya moto!"

"Weka sauti kubwa," Mama Bosi akasema, "weka simu mlangoni. Mama! Mama, fungua, ni mimi!"

"Wewe, mwanangu yuko mjini," sauti ya bibi ilitoka nyuma ya bati. "Ondoka na mashine yako ya kuigiza watu. Nina panga humu."

"Mama, ni mimi kweli!"

"Hata mwizi wa jana alisema hivyo."

Hakukuwa na mwizi wa jana, lakini bibi akishaanza ndivyo alivyo. Na hapo, kati ya maneno yake, wakakisikia wote wawili: kikohozi. Kikavu, kifupi, kinafuatana bila kupata nafasi. Mama Bosi aliziba mdomo. Baba Bosi akaisogelea simu.

"Mama, shikamoo. Ni mimi baba yake. Pampu ya mtoto nilikuja nayo mjini, mfukoni. Kosa ni langu, nimesahau. Huyo mlinzi amekuletea nyingine. Nakuomba."

Komeo likavutwa.

"Huyu ndiye mwenyewe," bibi alimwambia mwenye redio. "Mwizi gani atakuja na ujinga wake mwenyewe mdomoni? Leta hapa, baba, mtoto ameanza kubanwa tangu saa mbili, nimemkalisha, nimemwinamisha, nimefanya yote ninayoyajua."

"Ndani ya begi kuna chupa ya plastiki yenye tundu, mama," Mama Bosi alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia ghafla, ya kazi. "Chomeka pampu kwenye tundu, upande mwingine ni wa mdomoni."

"Hii? Mimi nilidhani ya maziwa."

"Itikise kwanza. Bonyeza mara moja. Apumue humo mara kumi, taratibu."

"Moja," bibi akahesabu. Kwenye simu ilisikika pumzi inayokwaruza. "Mbili."

Pale mapokezi walihesabu naye, mume na mke, kwa sauti ya chini, vichwa vimegusana juu ya simu ya mtu. Walipofika kumi wakaambiwa na bibi warudie. Walirudia. Wakarudia tena. Na katikati ya ile raundi ya mwisho kikohozi kilipungua, pumzi ikawa ndefu, na Mama Bosi akalala kwenye bega la koti lile lile akalia wazi, bila aibu.

"Rangi imemrudi midomoni," bibi alisema. "Nitakesha naye, na huyu mwenye redio naye anasema atakuwa anachungulia. Na wewe..." Akasita. "Wewe umefanya vizuri kusema. Wengine wangeona haya, mtoto akafa."

"Asante, mama."

"Haya, huyu hapa anataka simu. Mimi siwezi kushindana naye."

Kulikuwa na mkwaruzo, halafu sauti ndogo, imechoka, lakini bado ya mtu mwenye madaraka. "Baba. Mama yuko wapi?"

"Yuko hapa."

"Hapo kazini?"

"Hapana, siyo kazini. Tuko hoteli. Tumekaa."

"Wote?"

"Wote wawili."

Bosi alifikiri. Walimsikia anavyofikiri. "Usiku?"

"Ndiyo, usiku."

"Na mimi, mtakaa na mimi wote lini?"

Ghala lina geti, geti lina zamu, zamu ina msimamizi mwenye tochi. Baba Bosi alimtazama mkewe. Mama Bosi alijifuta uso kwa kiganja, akainamia simu.

"Ijumaa," alisema.

"Ijumaa nina zamu," Baba Bosi alinong'ona.

"Najua. Utamwambia msimamizi wako hapana. Na mimi nikitoka kiwandani sirudi Jumamosi alfajiri, nitamwambia wangu. Mwambie mtoto."

"Ijumaa," Baba Bosi akamwambia mtoto. "Wote, usiku mzima, kitanda kimoja."

"Usisahau."

"Sisahau."

"Umesahau pampu," Bosi alisema.

"Pampu nimesahau," alikubali Baba Bosi. "Ijumaa sisahau."